Kitanda Usichokilalia

Feri ya kutoka Luanda K'Otieno kwenda Mbita haina haraka, na abiria wake hupata muda wa kutazamana. Asubuhi moja mama kijana alikuwa ameketi kwenye benchi na mtoto wa kama miaka miwili, na mtoto yule hakuacha kujikuna mkono. Juu kidogo ya kiwiko palikuwa na vipele vitatu vilivyojipanga mstari mmoja, vyeusi kuliko ngozi iliyovizunguka, kila kimoja na kitone katikati. Mama alivipuliza, akavifuta kwa leso, mwishowe akavuta mkono wa sweta na kuvifunika. Mkabala naye alikaa bibi mmoja mwenye kikapu miguuni. Alikuwa ametazama yote hayo kimya, kisha akauliza, "Nyathina, usiku mlilala wapi?" Hakuomba aonyeshwe mkono. "Matangani, dani. Bondo." "Kitandani au chini?" "Chini, kwa godoro la kuazima. Tulikuwa wanne." "Na wewe unawashwa?" Mama kijana alisita, akaangalia pembeni, kisha akageuza shingo. Chini ya ukosi wa blauzi kulikuwa na mstari mwingine. "Basi ni kunguni," bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaja bei ya omena. "Nguo zenu zote zianikwe juani kabla hazijaingia nyumbani. Mtoto hana ugonjwa."

Nimeufikiria sana mpangilio wa maswali yale. Mkono wa mtoto ulikuwa pale mbele yake, lakini bibi alianza na usiku. Alitaka kwanza kujua walilala wapi, juu ya nini, wangapi, na nani mwingine anajikuna. Ngozi aliitazama mwisho, kuthibitisha jambo alilokwisha kulijua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tumeizoea methali hiyo katika mambo ya ndoa za watu na kazi za watu, hata tunasahau kwamba ilianza kitandani, kwa mdudu halisi mwenye miguu sita. Bibi aliichukua kwa maana yake ya kwanza. Kama hakukilalia kitanda kile yeye mwenyewe, angalau angeuliza habari zake kwa aliyekilalia.

Kunguni hujificha kwenye mshono wa godoro, kwenye nyufa za kitanda cha mbao, nyuma ya plasta iliyobanduka. Usiku ukiwa mkubwa hutoka akifuata joto na pumzi ya mtu aliyelala. Hunyonya, husogea kidogo, hunyonya tena. Ndiyo maana mara nyingi alama zake huandamana. Huuma mahali palipo wazi: mkono uliotoka kwenye shuka, shingo, uso. Uvimbe wenyewe waweza kuchelewa, kwa wengine siku kadhaa, na hapo ndipo mtu hulaumu kitanda kisichostahili lawama. Haijathibitika kwamba kunguni huambukiza binadamu ugonjwa. Madhara yake makubwa ni usingizi anaouvunja na aibu anayoileta, na kati ya hayo mawili aibu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mama kijana avute mkono wa sweta. Huku kwetu watu huzikana kwa umoja. Msiba ukitokea, jamaa hutoka Nairobi, Mombasa na Eldoret, magodoro huazimwa mtaa mzima, na watu wasiofahamiana hulala bega kwa bega ili mwenye msiba asibaki peke yake. Mdudu husafiri ndani ya utu huo huo, kwenye mifuko na mablanketi, na hachagui kati ya Manyatta ya makabwela na Milimani ya matajiri mjini Kisumu. Sioni aibu iko wapi. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ikiona haya kusema, hakuna mganga wala daktari atakayeusoma mstari ule.

Tatizo la ngozi ni kwamba maneno yake ni machache. Ikichokozwa na mbu hufura na kuwasha; ikichokozwa na kiroboto hufura na kuwasha; upupu hivyo hivyo, sabuni mpya hivyo hivyo. Kinachofura kwa kweli ni jibu la mwili wenyewe. Mdudu anyonyaye damu hutanguliza mate, na mate hayo yana vitu vinavyozuia damu isigande. Mwili huyatambua kuwa ni mageni, ukatuma maji na joto mahali pale. Kipele basi ni habari za mwenyeji kuliko habari za mgeni. Ndiyo maana watu wawili waliolala chini ya paa moja, wakaumwa na mdudu mmoja, wataamka mmoja akiwa na donge la ukubwa wa shilingi na mwingine bila kitu.

Na hata hayo maneno machache, vitabu vingi vimeyaandika kwa ngozi isiyo yetu. Ukifungua kitabu cha tiba utaambiwa kuumwa na mdudu huleta wekundu, na picha itaonyesha duara jekundu kwenye mkono mweupe. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akisoma London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu kidogo kinachoonyesha dalili za magonjwa zinavyoonekana kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu alikuwa akifundishwa wekundu ambao asingeuona kwenye ngozi yake mwenyewe. Hapa ufuoni wekundu huo ni nadra. Huja weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, au huja uvimbe wa rangi ile ile ya ngozi ambao jicho huupita na kidole huugundua. Wakunga na bibi zetu hupitisha mgongo wa mkono juu ya ngozi ya mtoto polepole, wakitafuta joto na mwinuko. Mwasho ukishakwisha, hubaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Tazama miguu ya watoto wa shule wakivuka barabara ya Nyamasaria mvua za masika zikianza: madoa ya mwaka jana yapo bado, mapya yanaandikwa juu yake. Daktari asiyejua ngozi hii atadhani yote ni ya jana.

Kwa hiyo tunarudi kwenye maswali, na kila mdudu ana lake. Alama zikijaa kwenye vifundo vya miguu na kukoma chini ya magoti, uliza kuhusu paka, mbwa, panya na sakafu ya udongo, maana kiroboto ni mrukaji wa chini. Mwasho ukizidi usiku, ukakaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na ukawa umemshika baba, mama na watoto kwa pamoja, huo ni upele. Mdudu wake hakuuma akaondoka, amechimba na kukaa humo. Mwasho ukianza muda mfupi baada ya mtu kutoka majini, hasa pale penye konokono na magugu, hakuna mdudu aliyeuma: ni mabuu ya kichocho yamepenya ngozini. Vijana waosha magari wa ufuo wa Kisumu, wanaosimama na maji hadi magotini siku nzima, wamekuwa wakitibiwa kichocho na kukipata tena, na miili yao imewafundisha watafiti mengi juu ya namna kinga dhidi ya ugonjwa huo inavyojengeka polepole. Hadi leo sijasikia kwamba mapato ya vijana hao yamebadilika kwa mafundisho waliyoyatoa.

Halafu kuna jeraha lisilo la kuumwa kabisa ambalo watu wote huapa ni la kuumwa. Mtu huamka na mchoro wa malengelenge shingoni, umechorwa kwa kuburuzwa, unaunguza kuliko kuwasha. Huyo ni Nairobi Fly, kimdudu chembamba cha mistari myeusi na ya rangi ya chungwa, ambaye licha ya jina lake ni mbawakawa, na yupo Kisumu sawa na alivyo Nairobi. Hakuumi, wala hana mwiba wa kukuchoma. Mvua ikizidi huongezeka kwenye udongo wenye unyevu, ambako hula wadudu waharibifu wa mazao na kumfaa mkulima. Usiku huja kwenye taa, hutua shingoni, na wewe kwa mazoea unampiga kofi. Sumu iliyomo ndani ya mwili wake humwagika chini ya kiganja chako na wewe mwenyewe unaisambaza. Kidonda hutokea baada ya siku moja au mbili, wakati kofi lenyewe limeshasahaulika. Wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 wadudu hawa walienea sana nchini, na watu wengi walitembea na nyuso zilizoungua. Dawa yake ya kwanza ni upole: mpeperushe kwa pumzi au umwondoe kwa karatasi, kisha osha mahali alipopita kwa sabuni. Siwezi kumfikiria mdudu huyu bila kuona ni mara ngapi maumivu tunayomsingizia mwingine yametoka kwenye kiganja chetu.

Lakini anayeijua Nam Lolwe, ziwa letu hili, anajua kwamba onyesho kubwa la wadudu halimo ndani ya nyumba. Kutoka Dunga, kutoka Usenge, kutoka kilima chochote cha Rusinga, asubuhi nyingine utaona mbali ziwani nguzo nyeusi zikipanda angani, zinapinda na upepo, zinaungana na kuachana, na mgeni huuliza ni meli gani inayoungua. Ni nzi wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni. Waliishi kwenye tope la chini wakiwa mabuu, wakapanda juu kwa pamoja, wakatoka majini na mabawa. Kwa wengi wao kupanda huko kunafuata mwezi. Hutoka zaidi siku za mwezi mwandamo, na huo ndio wakati wavuvi wa omena nao huwasha taa zao, kwa vile omena huifuata taa vizuri pasipo mbalamwezi. Giza lile lile huwaita wavuvi, samaki na nzi, na kuna usiku ambao taa ya mvuvi huzungukwa na nzi wengi hadi mwanga wake hufifia. Upepo ukiwaleta ufuoni huingia puani, huingia kwenye chai, hufunika ukuta mzima. Watoto wageni hulia. Wala hawaumi! Nzi hawa hawana kinywa cha kunyonya damu. Wamebaki na siku chache za kuruka, kuoana na kufa, na samaki na ndege huwala kwa furaha. Wako wenyeji wa pande za ziwa hili waliowakusanya na kuwafinyanga mikate tangu zamani, na watafiti wa huku wamejaribu kuwatia kwenye biskuti. Debe tupu haliachi kuvuma: lile wingu linalotisha kuliko yote halimdhuru mtu, ila wachache ambao vumbi la mabawa yake huwabana kifua.

Anayeua haonekani. Mbu jike wa malaria huja usiku watu wakiwa wamelala, hutua kwa utulivu, mkia ameuinua juu na kichwa ameinamisha, hunyonya dakika chache ili apate chakula cha mayai yake, kisha hupumzika ukutani. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Na hapa ngozi, ambayo kwa kunguni ilisema kwa mistari, hukaa kimya. Mwaka 1946 Kenneth Mellanby, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, alieleza jinsi mwili unavyozoea kuumwa. Mtu asiyewahi kuumwa na aina fulani ya mbu haonyeshi kitu mwanzoni. Baadaye huvimba siku ya pili. Akizidi kuumwa huvimba papo hapo. Akiumwa maisha yake yote huacha kuvimba kabisa. Kwa maneno mengine, mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege wa Kisumu wiki chache zilizopita ana vidonda vya kuonyesha, na mama wa Uwanda wa Kano aliyeumwa mara elfu katika mashamba ya mpunga ya Ahero ana ngozi laini isiyo na habari yoyote. Ngozi yake haikuumwa kidogo. Imeumwa hadi imechoka kusema.

Hata kwa yule anayevimba, kipele hakisaidii. Vijidudu vya malaria vikiingia na mate huenda kwanza kwenye ini na kukaa huko, na homa huja baada ya wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Siku mtoto anapopandwa na joto, alama aliyoachiwa imeshafutika. Kwa hiyo mzazi anayekagua mikono na miguu ya mtoto mwenye homa, akakuta safi, akajituliza kwamba hakuumwa, amesoma ukurasa ambao maandishi yake yalikwisha ondoka. Hili ningependa lisemwe katika kila zahanati, kila kanisa na kila kikao cha chama, kwa sauti kubwa: mtoto wa ziwani mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo, awe na vipele au asiwe navyo. Tone moja la kidoleni na dakika kumi na tano au ishirini za kusubiri hujibu swali ambalo macho hayawezi. Wahudumu wa afya ya jamii wengi wanabeba kipimo hicho hadi mlangoni.

Juu ya neti yapo maneno magumu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijiji vya Asembo na Gem vilikuwa mahali pa utafiti mkubwa wa neti zilizotiwa dawa, na ilionekana kwamba vifo vya watoto wachanga wenye umri wa mwezi mmoja hadi kumi na mmoja vilipungua kwa karibu robo. Likaonekana jambo jingine lililonigusa kuliko hesabu hiyo: nyumba zisizo na neti, zikiwa karibu na zenye neti, zilipata kinga pia, kwa sababu mbu walikuwa wanakufa njiani kwa jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Neti ya mama fulani ilikuwa inamlinda mtoto wa mwenzake bila wao kujua. Ukitembea leo kwenye fukwe, hata hivyo, utaona neti zimetandazwa mchangani na omena imeanikwa juu yake. Wageni hukasirika wakiona hivyo, na watafiti wameandika habari zake. Mimi siwezi kukasirika haraka. Mama mchuuzi anayejua kwamba omena ikilala kwenye mchanga itapoteza bei, na kwamba bei hiyo ndiyo karo ya muhula, amepiga hesabu kati ya njaa anayoiona na mbu asiyemwona. Mbu angekuwa anaacha alama kubwa kama ya kunguni, huenda hesabu ingekuwa tofauti. Ukimya wa ngozi unamgharimu, na anayemkemea bila kumuuliza habari za karo hajakilalia kitanda chake.

Mbu nao wanatusoma. Katika kaunti ya Siaya wamekutwa wakiuma hadi asubuhi jua likiwa limetoka, watu wakiwa wameshaondoka kwenye neti, hata watoto wakiwa darasani. Kwa hiyo lile swali la usiku mlilala wapi halitoshi tena. Lazima tuulize asubuhi mlikaa wapi. Mnamo Septemba 2019 chanjo ya kwanza ya malaria ilizinduliwa nchini katika kaunti ya Homa Bay, ng'ambo ya pili ya ghuba, na nimewaona kina mama wakiingia kliniki na kadi za watoto zimefungwa kwenye kanga kwa uangalifu wa hati ya shamba. Chanjo haizuii mbu kuuma. Inaikubali ngozi ilivyo, wazi na kimya, ikaweka ulinzi ndani.

Pwani hii ya ziwa inajua pia kuumwa kunakosikika. Mbung'o huuma mchana, kwa uchungu wa kumrusha mtu, na wakati mwingine mahali alipouma huota donge gumu linalouma siku nyingi. Wazee walilijua donge hilo, na walijua kupapasa nyuma ya shingo kutafuta tezi zilizovimba. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale, ugonjwa auletao mbung'o, yaliteketeza fukwe za ziwa hili, hasa upande wa Uganda, ambako inakadiriwa watu robo milioni walikufa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliobaki kutoka visiwani na ufuoni. Upande wetu kovu lake kubwa ni Bonde la Lambwe. Watu walilikwepa kwa vizazi kwa hofu ya mbung'o, na sehemu yake ndiyo leo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho nchini Kenya ya swala aina ya korongo. Mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi imetundikwa huko kwa miaka mingi, kwa kuwa mbung'o huvutwa na bluu na hutua kwenye weusi. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena la afya ya umma nchini Kenya. Habari hiyo ilipita magazetini kwa siku moja. Kwa kizazi kilichozika ndugu kwa usingizi usioamka, ilistahili ngoma.

Na kabla ya hapo kulikuwa na usubi wa Kodera, nzi mdogo aliyekaa kando ya mito ya misitu ya Nyanza ya Kusini na kupofusha watu. Katika miaka ya 1940 mito ya Kodera ilitiwa dawa ya DDT na usubi ule ukakoma pale. Lakini kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakigeuza mawe na majani ya mito hiyo wakitafuta mabuu yake bila kuyapata. Jibu lilipochapishwa mwaka 1950 lilikuwa hili: mabuu hukaa mwilini mwa kaa wa mtoni, yamejishikiza kwenye miguu na gamba lake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa nguoni mwa kaa. Ukitaka kujua kilichompofusha mzee ulitakiwa uulize maji anayochota, kisha jiwe lililo ndani ya maji, kisha kaa aliye chini ya jiwe.

Nimesema ngozi ya mwenyeji hukaa kimya, lakini mwili wote haukunyamaza. Mwaka 1949 kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya na kwenda kusoma Oxford, alirudi na kuchukua damu za watu wa makabila mbalimbali. Alikuta chembe nyekundu zenye umbo la mundu kwa wingi mahali pawili: pwani ya bahari na ufuo wa ziwa hili, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano katika baadhi ya jamii, na kwa nadra sana nyanda za juu kavu kati ya hizo mbili. Akaona kwamba ramani ya damu hiyo na ramani ya malaria zinalaliana, na mwaka 1954 akachapisha hoja yake: anayerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja hulindwa dhidi ya malaria kali; anayeirithi kwa wote wawili hupata ugonjwa wa selimundu. Hiyo ndiyo alama ya mbu iliyodumu. Haipo mkononi wala shingoni. Imeandikwa ndani ya damu kwa maelfu ya miaka, na kalamu yake ilikuwa vifo vya watoto. Familia nyingi za Kisumu zina mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, ambaye majirani husema amerogwa, au mama yake amekosa mwiko fulani. Ningependa mama huyo asikie kwamba mwanawe analipa deni la kinga iliyowaokoa mababu zake wengi, na kwamba mtoto akipimwa mapema, akapewa dawa na chanjo zake kwa wakati, anaweza kukua, kusoma na kuoa.

Kuna mbu aitwaye Kisumu. Yumo katika vizimba vya maabara za Ulaya, Marekani na Afrika, kizazi baada ya kizazi, uzao wa mbu waliokusanywa karibu na mji huu katika karne iliyopita, kabla mbu wa huku hawajazoea dawa. Kwa kuwa damu yake haijui sumu hizo, amefanywa kipimo. Kiwanda kikitengeneza neti au dawa mpya, Kisumu huwekwa juu yake na watu huhesabu wangapi wamekufa. Na hufa, vizuri kabisa, kama inavyotakiwa. Ndugu zake waliobaki Nyalenda, Kano na Asembo wamebadilika. Wengi wao hutua kwenye neti ya dawa ya zamani, hujipangusa, na kuruka. Neti iliyofaulu kwa Kisumu wa kizimbani yaweza kushindwa Kisumu yenyewe. Kwa hiyo watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI walioko Kisian bado huamka alfajiri na kwenda vijijini, hubisha hodi kwenye nyumba za watu, huomba ruhusa ya kuingia chumba cha kulala kabla kitanda hakijatandikwa, na kwa mrija mwembamba huwanyonya ukutani mbu walioshiba damu ya usiku huo, mmoja mmoja, wakiwauliza wenye nyumba wangapi walilala humo, nani alikuwa ndani ya neti, na nani alikuwa nje yake.